Mzigo "umeshachukuliwa" na wewe hujauona: mwongozo kamili wa kurudishiwa pesa yako

Umenunua simu kwa muuzaji wa Kariakoo uliyemkuta Instagram. Umelipa, akakutumia picha ya boksi na risiti ya basi, nawe uko Mwanza unahesabu saa. Unafika ofisi ya basi, karani anafungua daftari, anashusha kidole taratibu, kisha anakuuliza wewe: "Mbona huu ulichukuliwa jana jioni?" Unampigia muuzaji, anasema yeye alishatuma na risiti unayo. Unamrudia karani, anasema wao walishakabidhi na saini ipo. Ukiendelea hivyo, utakuwa mpira wa danadana wiki nzima.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo hasa: mzigo ambao kwenye daftari au kwenye mfumo umeshafika, ila mkononi haupo. Nimeushika upande wa Tanzania zaidi, nikagusa Kenya pale mahakama yao inapompa mnunuzi njia nyepesi, na mwishoni nimeeleza walioagiza kutoka nje.

Kabla ya hatua yoyote, weka jambo hili kichwani: unamdai uliyempa pesa. Karani wa basi, dereva wa bodaboda na mfanyakazi wa posta ni mashahidi wako. Mara nyingi mkataba wa usafirishaji si wako bali ni wa aliyetuma, kwa hiyo unaweza kupiga kelele kaunta mpaka jioni na bado ukaambiwa, "Mwambie aliyetuma aje."

Hakikisha kwanza kwamba kweli umepotea

Mizigo mingi inayosemwa imepotea ipo tu, imelala mahali pengine. Kampuni moja ya basi inaweza kuwa na ofisi Nyegezi na nyingine Nyamhongolo. Mzigo ukashushwa huku, wewe unauulizia kule. Mwombe karani atafute kwa namba ya risiti, kwa namba yako ya simu, kwa jina lako na kwa jina la mtumaji, kwa sababu wako wauzaji wanaoandika jina la duka mahali pa jina lako. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, ujumbe wa kuuchukua unaenda kwa mtu mwingine kabisa, na huyo mtu anaweza kuwa mstaarabu au asiwe.

Kama uliletewa nyumbani au kazini, waulize mlinzi, dada wa nyumbani, jirani wa mlango wa pili na mapokezi. Bodaboda akikuambia "nimemwachia mlinzi", mpigie mlinzi mkiwa wote watatu kwenye simu. Hapa kuna mtego: kama ni wewe uliyesema "mwachie mlinzi", basi kumkabidhi mlinzi ni sawa na kukukabidhi wewe, na ugomvi wako umehamia getini. Kama hukusema hivyo, bodaboda alijiamulia mwenyewe na aliyemtuma anabeba lawama.

Ukimaliza maswali hayo na mzigo haujaonekana, acha kuuliza. Anza kukusanya.

Usiondoke kaunta mikono mitupu

Siku hiyohiyo omba kuona mstari wa daftari unaoonyesha mzigo ulitoka. Unatafuta vitu vitano: jina la aliyechukua, namba ya kitambulisho alichoonyesha, namba ya simu, saini na saa. Piga picha. Karani anaweza kukataa kwa kuwa ukurasa una majina ya wateja wengine, na kusema kweli hapo ana hoja. Basi mwambie afunike mistari mingine, au akusomee uandike, halafu umtumie kwa WhatsApp ulichoandika: "Kama ulivyonisomea leo, mzigo namba fulani ulichukuliwa na fulani saa fulani. Nithibitishie." Akijibu "sawa", umepata ushahidi ambao hakuwa na mpango wa kukupa.

Mara nyingi sehemu ya kitambulisho itakuwa tupu. Usianze kufoka. Hilo pengo ni dhahabu yako: ofisi iliyotoa mzigo bila kuuliza kitambulisho itapata shida kubwa kusema ilifanya kazi kwa uangalifu.

Uliza pia kama kuna kamera. Kama ipo, andika ombi siku hiyo, hata kwenye karatasi ya kuchana, ukitaja tarehe na saa, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri au kupokelewa kwa saini. Kamera nyingi hurekodi juu ya picha za zamani. Anayesubiri wiki mbili "uchunguzi ukamilike" hukuta picha zilishafutika, na mara nyingine ndicho kilichokuwa kinasubiriwa.

Kwa upande wa simu yako, hifadhi mazungumzo yote na muuzaji, tangazo lenyewe likiwa na bei, ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, na jina lililojitokeza ulipoingiza namba yake kabla ya kulipa. Jina hilo ni la muhimu kuliko la ukurasa wa Instagram. Ukurasa unaweza kuitwa chochote, ila laini imesajiliwa kwa jina la mtu. Zima ujumbe unaojifuta wenyewe, toa nakala ya mazungumzo yote, ujitumie kwa barua pepe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hii kupokelewa mahakamani kama ushahidi, lakini kipande kimoja ulichokikata kwenye picha ya skrini ni dhaifu kuliko mazungumzo kamili yenye tarehe.

Hasara ni ya nani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hushindwa bila kujua, kwa hiyo tukae kidogo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zimetokana na sheria ya Kiingereza ya 1893. Zina kanuni inayomuuma mnunuzi: pale ambapo muuzaji ametakiwa kumtumia mnunuzi bidhaa, kuzikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa, kwa kuanzia, kuwa amemkabidhi mnunuzi. Yaani muuzaji akishaweka simu yako kwenye basi pale kituo cha Magufuli, Mbezi, anaweza kusema kazi yake imeisha. Waingereza wenyewe walishawaondoa walaji wao kwenye kanuni hiyo. Sheria yao ya haki za walaji ya 2015 inamwachia mfanyabiashara hatari yote mpaka bidhaa iwe mkononi mwa mnunuzi. Sisi tumebaki na ya zamani.

Lakini kanuni hiyo ina milango miwili ya kutokea, na ndiyo utakayopitia.

Mlango wa kwanza ni makubaliano. Kama mlikubaliana vinginevyo, makubaliano yenu ndiyo yanayotawala. Rudi kwenye mazungumzo. Aliandika "tunakuletea mpaka ulipo"? Aliandika "mzigo ukipotea ni juu yetu", au tangazo lake linasema "uhakika mikoa yote"? Umepata. Maneno ya kibiashara yaliyoandikwa ili kukuvuta ndiyo hayohayo yatakayomfunga.

Mlango wa pili ni uzembe wa kutuma. Sheria inamtaka muuzaji aingie mkataba unaofaa na msafirishaji, kulingana na aina ya bidhaa. Akituma simu ya laki nane ikiwa imeandikwa "nguo", bila kutaja thamani ili alipe nauli ndogo, au akakosea namba yako, au akampa kondakta mkononi bila risiti, na mzigo ukapotea, unaweza kukataa kuhesabu kwamba kuukabidhi kwa basi ni kukukabidhi wewe. Kwa hiyo itazame ile picha ya risiti kwa jicho jipya. Aliandika nini kwenye maelezo ya mzigo? Sehemu ya thamani ina kitu?

Kwa manunuzi yajayo, tuma mstari mmoja kabla ya kulipa: "Mzigo uko kwenye dhamana yako mpaka niupokee na kusaini." Akijibu "sawa boss", kanuni ya 1893 umeshaizima. Akikataa, angalau umejua unanunua kwa nani.

Andika dai lenye tarehe ya mwisho

Sauti za WhatsApp za dakika nne za malalamiko hazisaidii. Andika, kwa heshima, kitu kifupi kama hiki:

"Habari ndugu. Tarehe 4 nilikulipa shilingi 820,000 kwa simu moja, muamala namba (iandike). Ulituma kwa basi, risiti namba (iandike). Ofisi ya basi inaonyesha mzigo ulichukuliwa tarehe 6 saa 12 jioni na mtu ambaye si mimi, wala sikumtuma. Kitambulisho hakikuandikwa. Kwenye risiti thamani ya mzigo haikutajwa, na uliniahidi kwa maandishi kuufikisha mpaka kwangu. Naomba unirudishie shilingi 820,000 pamoja na nauli ya mzigo 10,000 ifikapo tarehe 15. Kama ungependa kunitumia simu nyingine ya aina ileile, nijulishe kabla ya tarehe hiyo. Nimeambatanisha picha za risiti na daftari."

Siku 7 zinatosha. Zaidi ya hapo unampa nafasi ya kukuzoea. Na usitoe vitisho vyovyote kwenye ujumbe wa kwanza. Muuzaji mwenye duka lake na wateja wake mara nyingi atatafuta njia ya kumaliza kimya kimya, hasa akiona umepanga mambo.

Majibu utakayopata yanajulikana. "Mimi nilishatuma" ulishaijibu kwa milango miwili ya hapo juu. "Nenda polisi" mjibu kwamba utaenda, lakini aliyepokea pesa ni yeye. "Subiri basi wamalize uchunguzi" ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu linasikika kama la kistaarabu. Mwambie uchunguzi kati yake na basi uendelee, ila tarehe yako haibadiliki. Akikupa nusu ya pesa mkononi "tumalizane", pima mwenyewe. Kwa mzigo wa elfu arobaini mimi ningechukua. Kwa wa laki nane ningepokea kama malipo ya awali na kuandika wazi kwamba salio bado nadai.

Usimwanike mtandaoni katika hatua hii. Picha yake yenye neno "tapeli" inaweza kugeuka na kukuletea wewe kesi, na zaidi ya hapo inamwondolea sababu ya kukulipa kimya kimya.

Kumbana msafirishaji

Muuzaji mwelewa atakwambia, "Nisaidie tuwabane basi." Kubali, kwa masharti kwamba yeye ndiye anayefungua dai, kwa kuwa risiti ni yake. Dai liwe la maandishi kwa meneja wa vifurushi, likiwa na nakala ya risiti, uthibitisho wa bei na ile picha ya daftari. Kama muuzaji yuko mbali, akuandikie barua fupi ya kukupa idhini ufuatilie kwa niaba yake.

Watakuonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti: kampuni haihusiki na mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Maandishi hayo yana uzito, lakini hayafuti kila kitu. Mzigo kuibwa njiani ni habari moja, na karani kumpa mtu asiyejulikana bila kuuliza kitambulisho ni habari nyingine. Sisitiza hiyo ya pili.

Wakikaa kimya, nenda kwa wadhibiti. Usafirishaji wa vifurushi na vipeto unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na hilo linahusu mabasi yanayofanya biashara ya vifurushi pia, si kampuni za kusafirisha nyaraka peke yake. Leseni ya basi lenyewe kubeba abiria iko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. TCRA watataka kuona kwamba ulimlalamikia mtoa huduma kwanza, ndiyo maana lile dai la maandishi lililogongwa mhuri ni la lazima. Swali moja la kuuliza mapema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Samahani, leseni yenu ya TCRA ya vifurushi iko wapi, nipige picha?" Ofisi isiyo nayo huanza kukusikiliza kwa namna tofauti.

Pesa iliyokwenda kwa simu

Wapo watakaokushauri uwapigie mtandao wa simu useme umekosea namba, warudishe muamala. Usifanye hivyo. Huduma hiyo ni ya aliyekosea kweli, na mazungumzo yako na muuzaji yatakuumbua kwa dakika moja. Ila kama unaamini hakukuwa na mzigo tangu mwanzo, yaani risiti ni ya kuchora na ukurasa umefungwa, huo ni utapeli. Wapigie mtandao mara moja ueleze hivyo hivyo, waombe waiangalie namba hiyo kabla pesa haijatolewa, na upeleke ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba maalumu ya kuripotia utapeli wa simu. Hapo saa moja ina maana kubwa kuliko wiki nzima ya barua.

Uliyelipa kwa kadi una bahati zaidi, nitalieleza hilo kwenye sehemu ya nje ya nchi kwani utaratibu ni uleule.

Polisi na mahakama

Mtu akijifanya wewe na kusaini mzigo wako, hilo ni kosa la jinai. Fungua taarifa kituoni, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Usitegemee RB ikurudishie pesa. Kazi yake ni kuwafungua midomo wengine. Ofisi iliyokataa kuonyesha kamera kwa mteja haikatai kirahisi kwa askari mpelelezi, na ile namba ya simu iliyoandikwa daftarini polisi wanaweza kuifuatilia kwa njia ambazo wewe huna.

Pesa yenyewe inadaiwa kwa madai ya kawaida. Tanzania, Mahakama ya Mwanzo husikiliza deni linalotokana na mkataba, kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe. Ugumu ni mahali: kwa kawaida shauri hufunguliwa anakoishi mdaiwa au jambo lilikotokea, na muuzaji yuko Dar es Salaam. Piga hesabu ya nauli, siku za kazi na malazi kabla ya kuamua. Kwa mzigo mdogo haifai. Kwa mzigo mkubwa, barua ya madai ya wakili peke yake huwa inatosha, na ina gharama ndogo kuliko safari moja ya kwenda na kurudi.

Kenya wamepiga hatua hapa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Mauzo ya bidhaa, huduma na mali iliyopotea mikononi mwa mtu vyote vinaingia humo. Ukiwa Kenya, taja mahakama hiyo kwa jina kwenye dai lako la pili.

Ulioagiza kutoka nje

Neno "delivered" kwenye mfumo wa ufuatiliaji lina maana nyingi. Kwa Posta linaweza kumaanisha mzigo umeingia kwenye sanduku, na wengi wetu tunatumia S.L.P. ya shule, kanisa au ofisi; muulize anayekwenda kufungua sanduku kabla ya kumlaumu Mchina. Inawezekana pia namba ya ufuatiliaji si ya mzigo wako. Uko mchezo wa muuzaji kukupa namba ya kifurushi cha mtu mwingine kilichokwenda mji uleule, ili mfumo uonyeshe kimefika. Angalia uzito na mji. Uliagiza viatu, mfumo unaonyesha gramu 20? Nenda Posta na namba hiyo, yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, uombe wakuandikie kwamba hakuna kifurushi cha namba hiyo kilichokabidhiwa kwa jina lako. Barua hiyo moja humaliza ubishi.

Kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani, mtumaji ana miezi 6 tangu kutuma kuomba posta ya kwake ifuatilie kifurushi kilichopotea, na kwa kawaida fidia hulipwa yeye. Kwa hiyo, kama kwa basi, wewe unamdai muuzaji, naye ahangaike na posta yake.

Saa za majukwaa ndizo za kuzilinda kwa makini. AliExpress inakupa siku 15 baada ya agizo kufungwa kufungua mgogoro. eBay inahesabu siku 30 tangu tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika. PayPal inakupa siku 180 tangu ulipe, lakini ukishafungua mgogoro una siku 20 za kuupandisha uwe dai kamili, la sivyo unafungwa wenyewe. Muuzaji akikuomba "ufunge mgogoro kwanza, nikurudishie pesa pembeni", usifunge. Na usibonyeze kamwe kitufe cha kuthibitisha umepokea kabla boksi halijafunguliwa mbele yako.

Jukwaa likikataa, au kama ulinunua kwenye tovuti isiyo na ulinzi wowote, nenda kwa benki iliyotoa kadi. Visa na Mastercard zina utaratibu wa kupinga muamala kwa sababu bidhaa haikufika, kwa kawaida ndani ya siku 120 tangu tarehe iliyotakiwa kufika. Dawatini usiseme "nataka pesa yangu". Sema unapinga muamala wa kadi kwa bidhaa ambayo haikupokelewa, uombe fomu, uambatanishe agizo, mawasiliano na ile barua ya Posta. Kwa kadi za mtandaoni za kampuni za simu ombi ni hilohilo, kupitia huduma kwa wateja. Sisitiza upewe namba ya shauri.

Ikitokea mzigo unaonekana baada ya pesa kurudi, mjulishe muuzaji siku hiyohiyo kwa maandishi umwulize kama anautaka urudi kwa gharama yake au umlipe ubaki nao. Ukikaa kimya na vyote viwili, lile faili lote ulilolikusanya linakuwa lake.